Mtafiti apite kwa wasanii, lakini majibu yarudi sokoni

Ujumbe uliingia kwenye simu yangu saa moja kasoro asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya Petite Barrière na beseni la karoti kichwani. Sikuusoma mpaka nilipofika Birere na kutua mzigo. Binti mmoja, mzaliwa wa ukanda huu anayesomea shahada ya uzamivu huko Ulaya, alikuwa amepewa namba yangu na mtu aliyewahi kuniona nikiigiza. Aliandika kwa adabu: "Shikamoo mama. Ninafanya utafiti kuhusu wanawake wanaofanya biashara ya kuvuka mpaka. Naomba uniunganishe na wanawake kumi wenye hadithi nzito." Mwishoni aliongeza kwamba pesa ya soda na nauli itakuwepo.

Hadithi nzito. Nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikaanza kuhesabu ni watu wangapi wameniomba kitu hicho hicho kwa miaka hii yote. Nilipofika wa kumi na moja niliacha, kwa sababu mteja alikuwa amesimama mbele yangu anauliza bei.

Wengi wenu mnaovuka hapa kila siku mnanijua kwa karoti na vitunguu. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya biashara niliigiza kwa miaka minane katika kikundi cha maigizo hapa Rubavu. Tulicheza sokoni, kwenye viwanja vya shule na kando ya barabara inayoshuka mpakani, maigizo yale ambayo mtazamaji anaruhusiwa kusimamisha mchezo, kumtoa mwigizaji na kuingia mwenyewe kuonyesha angefanya nini. Mbinu hiyo ilienezwa duniani na Augusto Boal wa Brazil, na mashariki mwa Kongo shirika la Search for Common Ground limeitumia kwa miaka mingi. Ndiyo maana mtafiti anayetaka kuzungumza na wachuuzi wa mpakani huelekezwa kwa msanii mapema kuliko kwa kiongozi. Akina mama wametuona tukijifanya wajinga mbele yao, wamecheka, na mtu aliyekuchekesha si rahisi kumwogopa.

Nasema wazi kwamba watafiti wanafanya vizuri kuja kwetu. Kosa liko kwenye kile wanachotuomba, na kwenye kile ambacho sisi tunakubali kuwapa.

Chukua mfano huu. Miaka kadhaa iliyopita walikuja vijana wawili na karatasi ya maswali. Swali moja liliuliza: je, umewahi kutoa pesa isiyo na risiti ili upite? Waliwauliza wanawake zaidi ya thelathini, na wote walijibu hapana. Nani atasema ndiyo mbele ya kijana mwenye kalamu asiyemjua, huku jirani yake kwenye foleni ametega sikio? Jioni ile tulicheza kipande kifupi, dakika kumi tu. Mimi nilikuwa mchuuzi, mwenzangu alikuwa mtu wa kizuizini, na tukaigiza vibaya makusudi. Nilitoa noti mbele ya watu wote, kama mgeni. Soko zima likaangua kicheko. Mama mmoja wa makamo akapaza sauti, "We, nani anatoa hivyo!" Akanisukuma kando, akachukua beseni langu, akaonyesha noti inakunjwa vipi, inapita kwenye mkono wa nani ambaye si mtu wa kizuizini hata kidogo, na ni salamu gani inayomaanisha kwamba leo bei imepanda. Wa pili akamsahihisha. Wa tatu akasema huo ni utaratibu wa zamani. Sitasema ilikuwa habari ya upande gani wa mpaka. Wale vijana walikuwa wameacha kuandika, wanatazama tu.

Jambo hili lilishaonekana mbali na hapa, tena kwa Kiswahili. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha Amsterdam, alikuwa Lubumbashi, jimbo ambalo wakati huo liliitwa Shaba. Alikuwa amewajua kwa miaka mingi wasanii wa kikundi cha Mufwankolo, ambao michezo yao ya Kiswahili ilikuwa ikionyeshwa kwenye televisheni. Akawauliza swali dogo: msemo huu kwamba madaraka huliwa mazima, maana yake nini? Wasanii hawakumpa maana. Walianza kubishana wao kwa wao, kisha wakaamua kwamba huo ndio utakuwa mchezo wao unaofuata. Yeye akakaa nao tangu mabishano ya kwanza, akayarekodi mazoezi, mpaka mchezo ulipochezwa katika kijiji cha Kawama na kupigwa picha kwa ajili ya televisheni. Hiyo ilikuwa Zaire ya Mobutu, na mchezo kuhusu ulaji wa madaraka haukuwa jambo la mzaha. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1990, Power and Performance, kimeandika maneno ya wasanii wale kwa Kiswahili chao cha Shaba, kile kile ambacho mteja wangu kutoka Katanga angekitambua mara moja, na tafsiri kando yake. Hoja yake kubwa ni kwamba kuna ujuzi ambao mwenye nao hawezi kuutoa kwa kujibu swali. Huutoa kwa kuutenda. Yule mama wa makamo na beseni langu alikuwa akisema hivyo hivyo.

Angalia Fabian aliomba nini. Hakuomba aletewe watu kumi. Aliwaendea wasanii kama watu wenye taaluma yao, akawapa swali, akawaachia walifanyie kazi kwa namna wanayoijua.

Tanzania walikwenda hatua nyingine mbele. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi katika kijiji cha Malya, mkoani Mwanza. Wenyeji wenyewe walichagua shida za kuzungumzia, zikiwemo vijana wasio na kazi na wasichana wanaopata mimba wakiwa shuleni, na wakazicheza kwa ngoma na michezo yao huku watafiti wakienda na kurudi. Mchezo ulikuwa utafiti, mkutano wa kijiji na jibu kwa wakati mmoja. Lakini hata hapo nina neno. Mlama, ambaye tamthilia zake za Kiswahili zimesomwa na vizazi, alipoandika kitabu juu ya kazi hiyo na nyingine kama hiyo, kilitoka mwaka 1991 kwa Kiingereza, na kilichapishwa Uppsala, Sweden. Simlaumu, najua nani alikuwa na karatasi na wino wakati ule. Nataka tu muone jinsi barabara ya maarifa inavyokwenda. Karoti zangu zinatoka shambani Rubavu na kuliwa Goma, mwendo wa dakika ishirini kama foleni ni fupi. Hadithi zetu husafirishwa mpaka Uppsala, na Kiswahili hukatwa njiani kama majani ya karoti.

Tena maigizo si kitu cha kuchezea. Hapa Rwanda wengi wetu tumesikiliza Musekeweya, mchezo wa redio ulioanza mwaka 2004 kuhusu vijiji viwili vyenye chuki. Mtafiti wa Marekani, Elizabeth Levy Paluck, alifuatilia wasikilizaji kwa mwaka mzima akiwalinganisha na wengine waliosikiliza mchezo wa mambo ya afya. Mwishoni kila kundi lilipewa redio na kanda, likaachwa liamue nani atazitunza. Waliosikiliza mchezo wa afya walielekea kumkabidhi kiongozi wa mahali. Wa Musekeweya walijadiliana na kupendelea kuzitunza pamoja. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2009, na watu wengi wa misaada wakafurahi. Lakini huyo huyo Paluck alikwenda mashariki mwa Kongo kupima mchezo wa redio wa Kumbuka Kesho, na huko, kama alivyoandika mwaka 2010, waliosikiliza mchezo pamoja na kipindi cha kuwahimiza wajadiliane walizungumza zaidi kweli, lakini wakawa na uvumilivu mdogo zaidi na moyo mdogo zaidi wa kuwasaidia watu wasiowapenda. Kuwafungulia watu vinywa ni kazi. Kujua namna ya kuvifunga tena kwa heshima ni kazi nyingine, na ndiyo ambayo msanii mzoefu hulipwa kwa ajili yake, au angepaswa kulipwa.

Hilo nalijua kwa sababu tumewahi kulikosea. Nalieleza hapa kwa mara ya kwanza hadharani.

Kikundi chetu kilikuwa na daftari. Kila baada ya mchezo tuliandika yale akina mama waliyotuambia pembeni, ili tutunge michezo mingine. Mtafiti mmoja alikuja, mtu mzuri, mwenye barua zote. Tulimpenda. Alipoomba daftari tulimpa, akalipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Hakuandika jina la mtu yeyote katika ripoti yake, na naamini aliona ametimiza wajibu. Lakini aliandika habari za mama anayeuza maziwa, mwenye watoto saba, wawili wao mapacha, ambaye alikuwa akificha sehemu ya mtaji wake kwa mtu wa Goma ili wakweze wasijue. Jamani, wauza maziwa wenye watoto saba na mapacha ndani yake, waliovuka hapa miaka ile, walikuwa wangapi? Ripoti ilikuwa ya Kifaransa. Mtu mmoja aliisoma kwa sauti mbele ya watu na kuitafsiri, bila nia mbaya, akitaka tu kuonyesha kwamba mpaka wetu umeandikwa. Wiki ile ile mtaji ule ukajulikana nyumbani. Mama yule alipoteza pesa, na kwa muda alipoteza na mengine ambayo si yangu kuyasema. Alipokutana nami njiani alinisalimia vizuri kabisa. Hajawahi tena kusimama kwenye mchezo wetu.

Daftari lilikuwa letu. Mtafiti alikosea, lakini aliyempa ni sisi.

Hilo lilikuwa wakati wa kawaida. Sasa fikirieni tangu mapigano ya Goma ya Januari 2025, wakati kila mtu anataka kujua nani anavuka, na nini, na kwa njia ipi, na analipa kwa nani. Maswali ambayo zamani yalikuwa ya tasnifu leo yanaweza kuwa ya mtu mwingine aliyevaa koti la mwanafunzi. Mtafiti wa kweli ana kibali. Hapa Rwanda vibali hutolewa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Mama wa sokoni ana haki ya kuomba kukiona, na asiogope kuonekana mjuaji. Lakini kibali kinaonyesha mtafiti ni nani na anatafuta nini. Hakimwambii mama watoto wake mapacha wataandikwa vipi.

Na wasanii wenzangu nao niwaseme, maana tusijifanye malaika. Kuna vikundi vina mama wao wa kulia. Mtafiti akija analetewa yule yule, anatoa machozi pale pale, analipwa, anarudi nyumbani. Nimesoma hadithi moja katika ripoti mbili tofauti, ya kwanza inasema ilitokea Gisenyi, ya pili inasema Bukavu, na mimi nakumbuka siku tuliyoitunga. Mwanafunzi masikini amepata shahada kwa mchezo wetu! Ukimwomba msanii akuletee hadithi nzito, usishangae akikutengenezea. Kuitengeneza ndiyo kazi yake.

Kwa hiyo nilimjibu yule binti, na kwa kuwa najua wengine kama yeye wanasoma gazeti hili, nayaweka niliyomwandikia.

Nilimwambia, mwanangu, usitafute hadithi nzito. Njoo na swali lako, hata kama ni dogo, ulilete kwa kikundi kizima, si kwangu mimi peke yangu kupitia simu. Kama unaanzia Kigali, piga hodi kwa Mashirika ya Hope Azeda, ambao tangu mwaka 2015 wanaandaa tamasha la Ubumuntu. Wamepokea wageni wengi na watakwambia vikundi vya kweli viko wapi. Kisha panda basi, kilomita mia moja na hamsini na kitu, uje ukae. Siku moja ya kusimama kwenye foleni na mzigo itakufundisha namna ya kuuliza.

Kuhusu soda, nilimwandikia bila kuzunguka. Waigizaji wanane wakikaa siku tatu kulifanyia kazi swali lako ni siku tatu ambazo wanane hawajauza, hawajasuka nywele, hawajaendesha pikipiki. Weka malipo yao kwenye bajeti yako kama unavyoweka tiketi ya ndege. Najua walimu wengine husema kumlipa mtu kunaharibu ukweli wa utafiti. Msimamizi wake analipwa mshahara kila mwezi na sijasikia mtu akisema ukweli wake umeharibika. Mchuuzi anayesimulia hilo ni jambo lingine, naye tulizungumzie kwa tahadhari, kwa sababu hadithi ikishakuwa na bei huvimba. Yeye mlipe muda wake, bei moja kwa wote, awe amelia au amekaa kimya.

Daftari hapati. Atakachopata ni mchezo uliotokana na madaftari yetu, ambamo muuza maziwa amekuwa muuza ndizi, mapacha wameondoka, na mtaji umefichwa mahali pengine. Msanii anajua kubadilisha uso wa jambo na kuliacha moyo wake ulivyo.

Sharti ninalolishikilia kuliko yote ni la kurudi. Nimemwambia kwamba kabla hajakabidhi tasnifu yake kwa wakubwa, aje nayo hapa, atueleze amegundua nini, na sisi tuyacheze matokeo hayo sokoni, kwa Kiswahili na Kinyarwanda, mbele ya wale wale walioulizwa. Na iwe kwa utaratibu wetu: anayeona uongo asimamishe mchezo. Mama akisema "hapana, si hivyo", aingie aonyeshe, na binti aandike upya. Chuoni wana maprofesa wanaomhoji mwanafunzi mpaka jasho limtoke. Sawa. Sisi tuna akina mama wa nyanya, na nakuhakikishia ni wakali zaidi. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017. Goma ni lugha ya soko tangu sijazaliwa. Hakuna sababu ya matokeo ya utafiti kuhusu mpaka huu kushindwa kusemwa kwa lugha inayovuka mpaka huu bila jeton.

Atakayesema utafiti hautufai kitu hana habari. Mwaka 2011 Benki ya Dunia ilitoa utafiti juu ya wanawake wachuuzi wa mipaka ya Maziwa Makuu, wa hapa Goma na Gisenyi wakiwemo, ukieleza usumbufu na pesa zisizo na risiti, na mwaka 2015 benki hiyo hiyo ikapitisha mradi wa kurahisisha biashara katika mipaka hii. Kuna uhusiano kati ya kusema na kujengewa. Ndiyo sababu sitaki tunyamaze. Nataka anayeulizwa ajue alichosema kimekwenda wapi, na apate nafasi ya kukisahihisha kabla hakijawa sera. Koperative zetu, ambazo zinajua kukataa muuzaji anayeondoka na mzigo bila kuandikiana, zinaweza kudai karatasi moja ya makubaliano kwa kila mtafiti anayeletwa, yenye tarehe ya kurudi.

Nilituma ujumbe huo wote, mrefu hivyo, usiku, kwa kuwa mchana simu yangu haishiki chaji. Asubuhi alijibu. Alisema asante mama, nimejifunza, masharti ni ya haki, lakini fedha za safari ya pili hazimo katika ufadhili wake na itabidi amuulize msimamizi. Aliongeza kwamba ameondoa neno "nzito".

Leo ni siku ya tisa, na bado hajapata jibu la msimamizi. Nimewaambia akina mama wa Birere kwamba kuna binti huenda akaja, na kwamba nimemwekea masharti. Mmoja wao, yule yule wa makamo aliyeninyang'anya beseni mwaka ule, ameshauliza kama safari hii ataruhusiwa kucheza nafasi ya mtu wa kizuizini.